Mwalimu Aliyepo: Historia ya Uchovu Sugu wa Kazi Miongoni mwa Walimu wa Mpondwe na Bwera, 1962–2023

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uchovu sugu wa kazi miongoni mwa walimu wa Mpondwe na Bwera, wilayani Kasese, tangu kuzuka kwa vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962 hadi shambulio la shule ya sekondari ya Lhubiriha mwaka 2023. Hoja ya msingi ni kwamba kumbukumbu za elimu zina neno la kumtaja mwalimu asiyekuwepo kazini, lakini hazina neno la kumtaja mwalimu aliyepo ambaye nguvu zake zimekwisha. Kila sera iliyofika mpakani ilimwongezea mwalimu jukumu bila kumpunguzia jingine. Makala yanazingatia kwa namna ya pekee uamuzi wa mwaka 2022 wa kulifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima nchini Uganda.

Utangulizi

Kitabu cha mahudhurio ya walimu hakina mambo mengi. Kina jina, saa ya kufika, saa ya kuondoka na saini. Asiyetia saini hakuwepo. Aliyetia saini alikuwepo. Mkaguzi wa shule anapofika, kitabu hicho ndicho cha kwanza kuletwa mezani.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari karibu na mpaka, nilifundisha pamoja na mtu ambaye saini yake haikukosekana kitabuni hata siku moja. Alifika kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Kisha alimpa kiranja daftari lenye mistari iliyofifia ili anakili maelezo ubaoni, naye akaketi chini ya mwembe hadi kengele ilipolia. Wanafunzi walisema kwamba miaka michache kabla ya hapo hapakuwa na mwalimu wa historia kama yeye katika kaunti nzima. Madaftari yao aliyarudisha yakiwa na alama ya vema katika kila ukurasa, hata ule ambao mwanafunzi mtundu aliandika maneno ya wimbo badala ya jibu. Wakaguzi walikuja mara mbili na mara zote mbili wakamwandika kuwa yupo. Muhula uliofuata alikaa nyumbani siku nne mfululizo, hakutoa sababu, akaandikiwa barua ya onyo kwa utoro.

Tukio hilo ni dogo, lakini linaonyesha namna tunavyohesabu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliolinganisha nchi sita kwa kuzitembelea shule za msingi bila taarifa. Nchini Uganda asilimia 27 ya walimu hawakukutwa shuleni, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko katika nchi nyingine zote tano. Takwimu hiyo imetajwa mno katika nyaraka za sera tangu wakati huo, na sina sababu ya kuitilia shaka. Ninachouliza ni habari za asilimia 73 waliokutwa. Walikuwa katika hali gani?

Jina na tatizo la jina

Dhana tunayoizungumzia iliingia katika maandishi ya kisaikolojia mwaka 1974, pale Herbert Freudenberger alipoeleza hali aliyoiona kwa wahudumu wa kujitolea katika zahanati moja ya bure jijini New York: watu waliokuja na ari kubwa, wakatoa kila walichokuwa nacho, kisha wakabaki kama nyumba iliyoungua ndani huku kuta zikiwa zimesimama. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kuipima, na hadi leo tafiti nyingi kuhusu walimu hutumia dodoso hilo au matoleo yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa. Shirika lilisisitiza kwamba hali hiyo yenyewe si ugonjwa, bali inatokana na shinikizo la muda mrefu la kazi ambalo halikudhibitiwa. Ina pande tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona hana analoliweza tena katika kazi yake.

Kwa Kiswahili, wengi wetu husema "uchovu" na kuishia hapo. Neno hilo halitoshi. Aliyechoka akilala huamka na nguvu. Huyu huamka akiwa amechoka zaidi. Ndiyo maana katika makala haya ninatumia "uchovu sugu wa kazi", nikikiri kuwa ni istilahi ya kukopesha muda tu. Lugha yenyewe ina hazina bora zaidi kwa kila upande. Upande wa kwanza ni *kunyong'onyea*, mwili na moyo kulegea kwa pamoja. Upande wa pili ni *kukinai*: mtu ameshiba kitu mpaka kinamchukiza, na mwalimu aliyekinai huwatazama watoto kama sahani aliyowekewa mara ya tano. (Kwamba neno hilo hilo humaanisha pia kuridhika na kilichopo si hasara. Mwalimu wa aina hii kwa nje huonekana ameridhika.) Upande wa tatu ni *kuchakaa*, nalo ndilo neno ambalo walimu wenyewe hujisemea: "Mimi nimechakaa."

Neno ambalo ofisi zetu hutumia ni *utoro*. Nyaraka za Uganda huandikwa kwa Kiingereza, lakini kila tunapozitafsiri hatuna budi kulikuta neno hilo, na lina historia yake. Katika pwani ya karne ya kumi na tisa, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walianzisha makazi yao nyuma ya pwani ya Kenya, Fuladoyo likiwa mojawapo. Neno lilihesabu mali iliyopotea. Halikuuliza kilichomkimbiza mtu. Tunapomwita mwalimu mtoro tunarithi namna hiyo ya kuhesabu. Hapa niongeze tahadhari ya kimaandishi: kwa kuwa nitawataja pia watu wa Toro, nitawaandika "Watooro" kwa irabu mbili, wasije wakachanganywa na hao wengine.

Mwalimu kama mwandishi wa jamii, 1962–1986

Shule katika eneo hili haikuwahi kuwa mahali pa kufundishia tu. Wakati wa ukoloni Wakonzo na Waamba waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Lugha ya shule na ya kanisa ilikuwa Rutooro, na mtoto wa Kikonzo alianza darasa la kwanza kwa kuacha lugha yake mlangoni. Mwezi Machi 1962 wawakilishi wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro kwa kupinga hali hiyo. Kiongozi wao, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka minane kabla yake, mwaka 1954, ndiye aliyeandamana na mwandishi wa Kiingereza Tom Stacey milimani, akimfasiria lugha. Mukirane alifariki mwaka 1966 akiwa milimani, na vuguvugu likaendelea hadi mwanawe, Charles Wesley Mumbere, aliposhuka kwa makubaliano na serikali mwaka 1982.

Wanahistoria wa Rwenzururu wameandika mengi kuhusu ardhi, ukabila na ufalme. Kwa upande wetu linafaa kuzingatiwa jambo jingine: kiongozi alikuwa mwalimu kwa sababu mwalimu ndiye aliyejua kuandika barua. Katika jamii iliyonyimwa shule, wachache waliosoma walibeba kazi za wote. Waliandika madai, walisoma barua za serikali, walifasiri mahakamani, waliweka kumbukumbu za michango. Sifa hiyo ya mwalimu kama mwandishi wa jamii haikufutika vita vilipopoa. Hadi leo, mwalimu wa Bwera ndiye katibu wa kamati ya mazishi, mweka hazina wa kikundi cha akiba, mfasiri wa mgonjwa hospitalini na mwandikishaji wa wapiga kura. Ni heshima kubwa. Ni kazi pia, na hailipwi wala haihesabiwi.

Ajabu ya mwaka huo wa 1966 ni kwamba tarehe 5 Oktoba, mjini Paris, mkutano wa serikali ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililoandaliwa na UNESCO na Shirika la Kazi Duniani. Waraka huo unazungumzia ukubwa wa darasa, saa za kazi, likizo ya ugonjwa na likizo ya masomo. Unataka saa za mwalimu zihesabiwe pamoja na maandalizi na usahihishaji, si kipindi cha darasani peke yake. Kila mwaka tarehe hiyo tunaiadhimisha kwa hotuba na maandamano. Sijasikia hotuba hata moja iliyosoma vifungu vyenyewe.

Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliitenga Kasese na Toro kuwa wilaya yake, na kwa Wakonzo huo ulikuwa ushindi. Lakini uchumi ulikuwa unaporomoka. Mshahara wa mwalimu ulipoteza thamani, na maisha ya mpakani yakahamia kwenye *magendo*, neno la Kiswahili ambalo Uganda nzima ililijua hata pale ilipokikataa Kiswahili chenyewe. Kahawa ya Rwenzori ilivuka kwenda Zaire. Sabuni, vitenge na chumvi vikarudi. Mwalimu aliyetaka kula alilima au alivuka mto. Kutoka hapo ndipo ilipoanza desturi ya siku za soko, ambazo darasa huwa na nafasi nyingi tupu, za wanafunzi na za walimu. Mkaguzi huuona utoro. Kihistoria, biashara hiyo ndiyo iliyowawezesha walimu wengi kubaki walimu.

Miezi miwili: Novemba 1996 hadi Januari 1997

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Zaire na kuishambulia Mpondwe. Januari 1997, miezi miwili baadaye, Uganda ilianza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 3.1 mwaka 1996 hadi takriban milioni 5.3 mwaka 1997.

Vitabu vya historia ya elimu huanza na tarehe ya pili, vile vya usalama huanza na ya kwanza. Mwalimu wa Mpondwe aliziishi zote mbili katika likizo moja. Aliporudi shuleni mwanzoni mwa mwaka alikuta watoto waliozidi madawati, wengine wakiwa wamekimbia vijiji vya milimani, na wakubwa walioona risasi wameketi pamoja na wadogo walioanza kusoma. Palihitajika madarasa mapya, naye akakusanya watoto chini ya mti. Palihitajika walezi wa watoto walioogopa kelele za mlango, naye akawa mlezi. Tarehe 8 Juni 1998 waasi hao hao walichoma mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, wilayani Kabarole, wakawaua wanafunzi wapatao 80 na kuwateka wengine wengi. Tangu siku hiyo kila mwalimu wa zamu ya bweni katika Rwenzori anajua analinda nini.

Sikubaliani na wale wanaosema kwamba mpango wa 1997 ulikuwa kosa. Watoto wa jirani zangu wasingesoma bila huo. Kosa lilikuwa katika hesabu: idadi ya watoto ilibadilishwa kwa tangazo, huku uwezo wa mwalimu ukichukuliwa kuwa kitu kisicho na kikomo. Ng'ambo ya mto historia ilijirudia. Septemba 2019 Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo na kuondoa mchango wa wazazi uliokuwa ukiwalipa walimu kwa miaka mingi. Walimu wa Kinande wa Kasindi, ambao ni ndugu wa damu na lugha wa Wakonzo, waliingia katika madarasa yaliyofurika kama yale ya Mpondwe miaka 22 kabla yao. Hakuna aliyewauliza wenzao wa upande huu walivyonusurika.

Tabaka juu ya tabaka, 2016–2023

Miaka iliyofuata ninaipitia kwa haraka, kwa kuwa wasomaji wengi wanaikumbuka. Novemba 2016 mapigano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa kasri la Omusinga mjini Kasese yaliua zaidi ya watu 100, na katika madarasa mengi waliketi pamoja watoto wa pande zote mbili. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka; mtoto wa miaka mitano alifia Bwera, mikusanyiko ikasimamishwa kwa muda, siku za soko zikiwemo, na ndoo za kunawia zikasimama milangoni pa shule. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, kipindi kirefu kuliko katika nchi yoyote duniani. Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa, mito ya Kasese ilifurika. Walimu wengi wa shule binafsi walikaa muda huo wote bila mshahara. Waliorudi walipokea darasa la kwanza lenye watoto wa umri wa miaka miwili tofauti na mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unaomtaka kila mwalimu atoe kazi za mradi na kuweka alama za tathmini endelevu kwa kila mwanafunzi. Kwa darasa la wanafunzi 40 mtaala huo ni mzuri. Kwa wanafunzi mia moja, usiku ndio unaolipa.

Julai 2022 inastahili kutazamwa peke yake. Mwezi huo mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4, wakati wenzao wa masomo ya sanaa wakibaki karibu na milioni 1, baada ya mgomo wa wiki kadhaa. Mwezi huo huo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa. Kwa hiyo katika mwezi mmoja aliambiwa kwamba somo lake ni la lazima kwa taifa na kwamba kazi yake ina thamani ya robo ya kazi ya jirani yake.

Sisi wana Kiswahili tuliushangilia uamuzi huo, mimi nikiwa mmoja wao, na sisi pia tunapaswa kuhojiwa. Tulikuwa na sababu za kihistoria. Mwishoni mwa miaka ya 1920 juhudi za Gavana Gowers za kukieneza Kiswahili zilikwama, hasa kwa upinzani wa Buganda. Tamko la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa lilikitia doa la bunduki. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili, lakini kwa miaka mingi hadhi hiyo ilibaki katika karatasi. Uamuzi wa 2022 ulionekana kama mvua baada ya kiangazi. Mjini Mpondwe hata kisingizio cha ugeni hakipo, kwani Kiswahili ni lugha ya soko na ya mpaka. Mtoto wa hapo hubishana bei kwa Kiswahili cha Kongo kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini shuleni mwalimu hukuta kwamba anachokijua mtoto kinaitwa kosa, kwamba vitabu ni vichache, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa walimu wa somo hili ni haba, ndiye wa madarasa yote. Tumekiombea Kiswahili nafasi katika ratiba bila kuuliza ni mgongo wa nani utakaokibeba.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, iliyo chini ya kilomita 2 kutoka mpakani. Watu 42 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Kuhusu usiku huo nasema jambo moja tu linalohusu mada hii. Kilichowapata walimu wa Mpondwe baada yake hakifai kuitwa uchovu sugu wa kazi. Ni majeraha ya nafsi na ni maombolezo. Yanahitaji matibabu na muda, na mapumziko peke yake hayayaponyi. Mshauri wa sera asiyetofautisha hali hizi mbili atampa mwombolezaji semina ya kupanga muda, na mwalimu aliyekinai atampeleka hospitali. Vilevile ni kweli kwamba msiba uliwakuta watu ambao akiba yao ya nguvu ilikuwa imeshatumika.

Kutambua na kurudi

Mwalimu mkuu anawezaje kumtambua mwalimu aliyefikia hali hiyo kabla ya barua ya onyo? Dalili haimo katika kitabu cha saini. Imo katika mabadiliko ya mtu ikilinganishwa na alivyokuwa: aliyekuwa akisahihisha kwa maneno sasa anaweka vema bila kusoma, aliyekuwa na utani na watoto sasa utani wake unauma, aliyegombana katika vikao vya walimu sasa hasemi kitu. Ningeongeza fimbo. Adhabu ya viboko imepigwa marufuku na sheria tangu 2016, na tunawajadili walimu wanaoiendeleza kama wakaidi. Baadhi ni wakaidi kweli. Wengine niliowafahamu walianza kupiga mwaka ule ule walioacha kuandaa masomo.

Kuhusu kurudi, vijitabu vya ushauri humwambia mwalimu alale vizuri, afanye mazoezi, ajifunze kukataa. Si ushauri mbaya. Lakini mwalimu wa Bwera atamkatalia nani, kamati ya mazishi? Ikiwa uchovu huu, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani lenyewe, unatokana na kazi, basi mtu aliyepumzishwa na kurudishwa katika mzigo ule ule atarudi alikotoka. Panapohitajika sera ni kwenye mzigo. Shule zetu zina mwalimu mlezi wa wasichana na mwalimu mlezi wa wavulana, wanaobeba siri nzito kuliko za mtu yeyote shuleni, lakini ratiba yao ya vipindi ni sawa na ya wengine. Kuwapunguzia vipindi vichache kwa juma hakuhitaji bajeti mpya. Mwalimu pekee wa Kiswahili asipewe zamu ya bweni. Sera ya walimu ya 2019 inamtaka kila mwalimu awe na shahada, na wengi husoma wikiendi na likizo kwa fedha zao. Muhula wa masomo uhesabiwe kuwa kazi, kama waraka wa 1966 ulivyokusudia. Na katika wilaya za mpakani fomu ya ukaguzi iulize, mbali na nani hayupo, kila aliyepo amebeba vipindi vingapi, wanafunzi wangapi na majukumu gani ya nje ya darasa.

Mwenzangu wa mwembeni hakuacha kazi. Baada ya barua ile ya onyo alifika mwalimu mkuu mpya, mtu wa maneno machache, akamwita, akamsikiliza mchana mzima, kisha akamwondolea mikondo mitatu kati ya minne na kumkabidhi kabati la vitabu lililokuwa likiitwa maktaba. Vipindi vyake tuligawana sisi vijana, tukinung'unika. Hapakuwa na kanuni iliyoruhusu jambo hilo, kwa hiyo halikuandikwa popote. Muhula wa tatu alianza kusoma tena madaftari ya wanafunzi, na siku moja nilimsikia akibishana na kidato cha pili kuhusu Mukirane, sauti imejaa darasa zima. Katika kitabu cha mahudhurio cha mwaka ule, ukiondoa zile siku nne, saini zake ni zile zile mwanzo hadi mwisho.